Blue Cash Preferred ya American Express: wapi inapokelewa, na wapi inalipa kweli

Kwa familia ya Waswahili inayoishi Columbus, Minneapolis au Houston, kinachokula mshahara baada ya kodi ya nyumba ni chakula. Blue Cash Preferred, kadi ya mkopo ya American Express (kwa kifupi Amex), imetengenezwa kwa ajili ya gharama hiyo hasa. Inarudisha asilimia 6 ya unachotumia kwenye supamaketi za Marekani mpaka dola 6,000 kwa mwaka, na ukipita hapo inashuka hadi asilimia 1. Inarudisha pia asilimia 6 kwenye huduma kadhaa za filamu na muziki mtandaoni, asilimia 3 kwenye vituo vya mafuta vya Marekani, asilimia 3 kwenye usafiri, na asilimia 1 kwa kila kitu kingine. Ada yake ni dola 95 kwa mwaka.

Swali ambalo watu huuliza kwanza ni kama Amex inapokelewa. Ni swali la haki, kwa sababu kadi za kampuni hii ziliwahi kuwa na sifa ya kukataliwa madukani. Lakini kuna swali la pili lenye uzito zaidi: duka likishaipokea, linahesabiwa kuwa nini? Unaweza kununua mchele wa aina ileile kwenye maduka matatu ya barabara moja, yote yakapokea kadi bila shida, na ukarudishiwa asilimia 6 kwenye moja tu.

Tuanze na kupokelewa. American Express wenyewe husema asilimia 99 ya wafanyabiashara wa Marekani wanaopokea kadi za mkopo wanaweza kupokea na yao. Kwa matumizi ya kila siku hali inaelekea hivyo. Kilichobadilisha mambo ni mpango wa OptBlue ulioanza 2014. Zamani mwenye duka dogo alilazimika kufunga mkataba wake mwenyewe na American Express. Siku hizi kampuni ileile inayomshughulikia Visa na Mastercard inamwekea na Amex kwenye mashine hiyohiyo. Kroger, Safeway, Publix, H-E-B, Whole Foods, Trader Joe's, Walmart na Target wote wanapokea. ALDI, iliyokuwa haipokei kadi ya mkopo ya aina yoyote, ilifungua mlango 2016 kwa kadi zote kubwa, Amex ikiwemo.

Wanaokataa wamebaki wachache, ila miongoni mwao yumo mkubwa. Costco ya Marekani ilikuwa na mkataba wa Amex kwa miaka 16. Ulipoisha, tarehe 20 Juni 2016 ikahamia Visa. Tangu siku hiyo, ukiwa na Amex kwenye keshia wa Costco au kwenye pampu zake za mafuta, huna kadi. Utalipa kwa Visa, kadi ya debiti au kadi yao ya kununulia, na ndani ya duka hata taslimu. Ukivuka mpaka kuingia Canada, Costco ya kule inapokea Mastercard, kwa hiyo hata ile Visa yako inakwama. WinCo, inayopendwa sana na familia kubwa za majimbo ya magharibi, haipokei kadi ya mkopo kabisa, iwe ya nani, na hiyo ni njia yao ya kushusha bei. Hapo toa debiti au taslimu.

Baada ya hao yanabaki maduka madogo: duka la Kiafrika linalouza dagaa, unga mweupe na mihogo ya barafu, bucha ya halali, saluni ya kusuka, fundi wa magari. Hapa usitegemee kibandiko cha mlangoni. Vibandiko vya kadi hubandikwa siku duka linafunguliwa, na hubaki pale hata mwenye duka akibadilisha kampuni ya mashine mara tatu. Uliza kabla hujapakia toroli: "Mnachukua Amex?" Ukiambiwa hapana, usibishane. Kila ukilipa kwa kadi ya mkopo mwenye duka hukatwa asilimia 2 hadi zaidi ya 3, na kwa muuza nyama ya mbuzi anayepata faida ndogo kwa kila kilo hiyo si pesa ya kuchezea.

Kuna kibandiko kingine cha kukijua: kile kinachosema ununue kuanzia dola 10 ndipo utumie kadi. Ni halali. Sheria ya shirikisho ya 2010, Dodd-Frank, inamruhusu mfanyabiashara kuweka kiwango cha chini kisichozidi dola 10 kwa kadi za mkopo. Akiweka 15 amepitiliza. Kiwango hicho hakihusu debiti.

Kadi ikikataa, tambua kwanza aliyekataa ni nani. Tazama simu yako. American Express ikiwa na wasiwasi na malipo hukutumia ujumbe au taarifa kwenye programu ikikuuliza kama ni wewe. Ukijibu ndiyo, mwambie keshia ajaribu tena, itapita. Simu ikiwa kimya na mashine imekataa papo hapo, mara nyingi ni duka ambalo halikuunganishwa na Amex, na kurudia mara nne kutakuchelewesha tu wewe na foleni iliyo nyuma yako. Kwenye pampu ya mafuta kuna sababu ya tatu inayowasumbua sana waliohama karibuni. Pampu inakuuliza tarakimu 5 za posta na kuzilinganisha na anwani iliyo kwenye akaunti yako. Umehama nyumba mwezi uliopita, hujabadilisha anwani kwenye akaunti, unaingiza tarakimu za mtaa mpya, pampu inakataa. Ingiza zile za zamani au kalipe ndani kwa keshia, kisha jioni hiyohiyo urekebishe anwani.

Sasa tuje kwenye kuhesabiwa, maana pesa yako iko hapa.

Kila mfanyabiashara anayepokea kadi amepewa namba ya tarakimu 4 inayoeleza biashara yake ni ya aina gani. Supamaketi ni 5411. Ghala la jumla la wanachama ni 5300. Duka la bei ya punguzo ni 5310. Kituo cha mafuta ni 5541, na pampu ya kujihudumia ni 5542. Mgahawa ni 5812, duka la dawa ni 5912, na duka la vyakula mchanganyiko ambalo halikufikia kuitwa supamaketi huangukia 5499. Kadi haioni ulichonunua. Haijui kama kwenye mfuko kuna maharage au betri za tochi. Inaona duka, na duka limeandikishwa kama nini.

Ndiyo maana Walmart na Target, ambako familia nyingi hununua maziwa, mayai na kuku kila wiki, hulipa asilimia 1. Masharti ya American Express yanasema wazi kwamba maduka makubwa yanayouza kila kitu, maghala ya wanachama na maduka madogo ya njiani hayahesabiwi kuwa supamaketi. Sam's Club na BJ's zinaipokea Amex vizuri, lakini ni maghala ya wanachama, kwa hiyo nazo ni asilimia 1. Upande wa pili wa sharti hilo ni mzuri kwako. Ukiwa ndani ya supamaketi halisi kama Whole Foods, Stop & Shop, ShopRite, Vons au Winn-Dixie, sabuni ya kufulia, nepi, sufuria na dawa ya kikohozi vilivyomo kwenye risiti moja na chakula vyote hupata asilimia 6. Mtu anayenunua chakula supamaketi na sabuni Walmart anaacha pesa mezani, isipokuwa kama Walmart iko chini kwa zaidi ya asilimia 5 kwenye bidhaa hiyo. Na mara nyingine iko chini kweli, basi linganisha bei ya kila aunsi iliyoandikwa kwenye rafu kabla hujaamua.

Duka la Kiafrika na bucha ya halali ni bahati nasibu. Mwenye duka aliponunua mashine ya kadi aliulizwa kwenye fomu anafanya biashara gani, akachagua jibu lililomjia karibu. Mmoja alichagua grosari, akapata 5411. Jirani yake anauza pia vitenge, mafuta ya nywele na huduma ya kutuma pesa, akaandikwa duka la bidhaa mchanganyiko. Bucha zina namba yao wenyewe, 5422, na kwa kadi hii hiyo si supamaketi. Kwa macho huwezi kujua. Pima. Nunua kitu cha dola 5, peke yake, kabla ya ununuzi mkubwa wa mwezi. Taarifa ya mwezi ikifungwa, fungua ukurasa wa marejesho kwenye akaunti yako. Dola 5 zikizaa senti 30, duka ni supamaketi. Zikizaa senti 5, tumia kadi nyingine hapo, au mlipe mwenye duka taslimu, naye atakushukuru.

Namba hizi hubadilika. Duka likihama kutoka kampuni moja ya mashine kwenda nyingine, huandikishwa upya, na lililokuwa asilimia 6 Machi laweza kuwa asilimia 1 Mei. Ukiona mashine mpya kaunta, pima tena. Wauzaji wa soko la wakulima wanaotumia kisomaji kidogo kilichochomekwa kwenye simu, na malipo yanayopita kwenye akaunti ya mtu wa kati, wako hatarini zaidi. Masharti yenyewe yanaonya kwamba muuzaji akitumia mtu wa kati au kisomaji cha simu, aina ya biashara inaweza isitambulike, nawe ukaambulia asilimia 1.

Kadi za zawadi nazo hazisaidii kukwepa. Watu hushauriana kununua kadi ya Uber au ya mgahawa kwenye rafu ya supamaketi ili wapate asilimia 6 kwa kitu kisichokuwa chakula. Masharti yanasema ununuzi wa kadi zilizolipiwa kabla na vitu vilivyo sawa na pesa taslimu hauhesabiwi. Ikipita leo, usijenge bajeti juu yake.

Kwenye mafuta, ambayo wengi wetu huku tumezoea kuyaita gesi, asilimia 3 hupatikana kwenye vituo vyenyewe: Shell, Exxon, Mobil na wenzao. Pampu zilizo kwenye uwanja wa supamaketi, wa duka kubwa au wa ghala la wanachama hazihesabiwi kuwa kituo cha mafuta. Kwa hiyo aliyezoea kujaza gari kwenye pampu za supamaketi ili atumie pointi za uanachama wake apige hesabu upya: pointi zile hushusha bei ya galoni, na mara nyingi punguzo lake linazidi hizi asilimia 3.

Kuna pia vituo vyenye bei mbili kwenye bango, moja ya taslimu na moja ya kadi. Hapo hesabu ni nyepesi. Chukua bei ya kadi ya dola 3.29 na ya taslimu dola 3.19. Galoni 15 kwa kadi ni dola 49.35, kwa taslimu dola 47.85. Tofauti ni dola 1.50, na kadi inakurudishia dola 1.48. Umetoka sare, pungufu ya senti 2. Tofauti ya bei ikiwa senti 5 tu kwa galoni, kadi inashinda. Ikiwa senti 15, lipa taslimu bila kufikiri mara mbili. Kadiri tofauti inavyozidi senti 10, kadi inazidi kupoteza.

Hesabu hiyohiyo hutumika kwa duka linaloongeza ada ya kadi kwenye bili. Connecticut na Massachusetts zinakataza ada hiyo. New York, tangu Februari 2024, inamtaka mwenye duka aonyeshe bei kamili ya kadi mbele ya mteja, asiichomekee kaunta. Mahali pengi kwingine inaruhusiwa ilimradi itangazwe. Tuseme nyama na mchele ni dola 80 na duka linaongeza asilimia 3: utalipa dola 82.40. Duka likihesabiwa supamaketi, unarudishiwa dola 4.94 na bado umefaidi dola 2.54. Lisipohesabiwa, unarudishiwa senti 82 na umepoteza dola 1.58. Ndiyo maana kile kipimo cha dola 5 kina thamani kuliko kinavyoonekana.

Usafiri ni eneo ambalo kadi hii husahaulika bure. Asilimia 3 inahusu teksi, Uber na Lyft, maegesho, tozo za barabara, treni na mabasi. Dereva anayevuka tozo kila siku New Jersey au Illinois aiweke kadi hii kwenye akaunti ya tozo inayojijaza yenyewe, na ataona tofauti mwisho wa mwaka. Kwa huduma za filamu na muziki, Netflix, Hulu, Disney+ na Spotify zimo kwenye orodha ya asilimia 6, mradi ulipe moja kwa moja kwa kampuni husika. Ukiilipia kupitia bili ya simu au kifurushi cha intaneti, kadi inaona kampuni ya simu, haioni Netflix.

Halafu yapo matumizi ambayo kadi inapokelewa vizuri tu lakini haifai kutolewa.

Kodi ya nyumba ndiyo ya kwanza. Tovuti nyingi za wenye nyumba hupokea kadi ya mkopo kwa ada ya karibu asilimia 3. Kwa kodi ya dola 1,500, ada ni dola 45 na marejesho ni dola 15. Umelipa dola 30 kwa raha ya kubofya. Ada za vyuo ziko hivyohivyo. Umeme na maji hutegemea kampuni: nyingine hazitozi kitu, nyingine hutoza ada isiyobadilika ya dola kadhaa, na ada ya dola 2 kwa bili ya dola 90 inafuta marejesho yote na zaidi.

Bili ya simu imewaponza wengi bila wao kujua. T-Mobile, tangu 2023, hutoa lile punguzo la malipo ya moja kwa moja, dola 5 kwa laini, kwa wanaolipa kwa akaunti ya benki au debiti. Kadi ya mkopo inalikosa. Familia yenye laini 4 inayolipa kwa Blue Cash ili ipate asilimia 1 ya dola 160, yaani dola 1.60, inaacha dola 20 kila mwezi. Kama malipo yako yaliwekwa miaka iliyopita na hujayagusa, ingia leo ukayaangalie.

Kutuma pesa nyumbani kunastahili onyo la peke yake. Programu nyingi za kutuma pesa zinakutaka utumie akaunti ya benki au debiti, na zile zinazoruhusu kadi ya mkopo huongeza ada. Baya zaidi, kampuni ya kadi inaweza kulihesabu tendo hilo kuwa ni kutoa pesa taslimu. Hapo unatozwa ada ya kutoa taslimu, riba inaanza kukimbia siku hiyohiyo bila zile siku za neema za kawaida, na marejesho ni sifuri. Mama akihitaji dola 200 za hospitali, zitoke kwenye akaunti ya benki.

Na ukienda nyumbani mwenyewe, iache kadi hii kwenye droo. Kila malipo nje ya Marekani hukatwa asilimia 2.7. Na neno "supamaketi" kwenye masharti lina maana ya supamaketi za Marekani, kwa hiyo Naivas au Carrefour ya Nairobi hulipa asilimia 1 tu, hata rafu zikijaa chakula hadi dari. Ukitumia dola 1,000, unakatwa 27 na kurudishiwa 10. Hoteli kubwa na mashirika ya ndege ya Kenya na Tanzania huipokea Amex, lakini kwa duka la mtaa, kituo cha mafuta na mgahawa wa kawaida, Visa na Mastercard ndizo zilizozoeleka, na chini ya hapo watu hulipana kwa simu: namba ya Till Kenya, Lipa Namba Tanzania. Beba Visa au Mastercard isiyotoza ada ya nje. Mashine ikikuuliza ulipe kwa dola au kwa shilingi, chagua shilingi, kwa sababu ukichagua dola mwenye mashine ndiye anayekupangia kiwango cha kubadilishia, naye hajipunji. Tiketi ya ndege yenyewe nayo, hata ukiinunua Marekani, ni asilimia 1. Kadi yoyote ya asilimia 2 inaishinda.

Je, dola 95 zinarudi? Kwa ndugu yake asiye na ada, Blue Cash Everyday, supamaketi ni asilimia 3 kwa kikomo hichohicho cha dola 6,000, mafuta ni asilimia 3, na ununuzi wa mtandaoni ni asilimia 3. Tofauti kwenye chakula ni asilimia 3, hivyo Preferred inaanza kushinda ukipita dola 3,167 kwa mwaka, kiasi cha dola 61 kwa wiki. Ukiilinganisha na kadi ya asilimia 2 kwa kila kitu, mahali pa kuvuka ni dola 2,375 kwa mwaka, kama dola 46 kwa wiki. Hesabu ni ya supamaketi zinazohesabiwa tu. Ondoa Costco, ondoa Walmart, ondoa bucha iliyofeli kipimo, kisha uone kilichobaki. Wengi hujumlisha "chakula" chote cha mwezi, wakapata dola 700, wakachukua kadi, kumbe dola 450 kati ya hizo huenda Costco na Walmart. Waliobakiwa na dola 250 kwa mwezi wana dola 3,000 kwa mwaka. Kwao Everyday inatosha.

Kwa familia yenye watoto wanne inayotumia dola 800 kwa mwezi kwenye supamaketi halisi, mambo ni mazuri. Dola 6,000 za mwanzo huzaa 360, na 3,600 zinazobaki huzaa 36. Jumla 396, toa ada, inabaki 301. Kadi ya asilimia 2 ingetoa 192. Kikomo hufikiwa katikati ya mwezi wa 8, na kuanzia hapo chakula kihamie kadi nyingine mpaka mwaka wa hesabu uanze upya. Kadi ya pili iwe Visa isiyo na ada ya mwaka na yenye asilimia 2, mfano Wells Fargo Active Cash: itashika Costco, bucha, na chakula baada ya kikomo.

Yote haya ni kwa anayelipa deni lote kila mwezi. Riba ya kadi za namna hii mara nyingi hupita asilimia 20 kwa mwaka, na adhabu ya kuchelewa hufika dola 40. Kwa riba hiyo, kubeba deni la dola 1,000 mwaka mzima kunagharimu zaidi ya dola 200, sawa na marejesho ya zaidi ya dola 3,300 za chakula. Weka malipo ya moja kwa moja ya deni lote. Ukiweka yale ya kiwango cha chini, riba itakula marejesho yako kimyakimya. Marejesho hutumika kupunguza deni la kadi, au kulipia moja kwa moja ukinunua Amazon. Ukirudisha bidhaa dukani, marejesho yake nayo hukatwa, kwa hiyo usishangae ukiona mwezi mmoja yamepungua.

Mwezi mmoja kabla ya ada kutozwa, fungua akaunti ujumlishe marejesho ya supamaketi ya miezi 12. Yakiwa chini ya dola 190, hujafika dola 61 kwa wiki. Piga namba iliyo nyuma ya kadi uombe kuhamishiwa Everyday. Akaunti inabaki na umri wake, jambo lenye uzito kwa mtu anayejenga historia ya mkopo Marekani. Ada ikiwa imeshatozwa bado una nafasi: ukiifunga kadi ndani ya siku 30 tangu taarifa yenye ada hiyo ifungwe, dola 95 zinarudi zote. Kabla ya kuifunga, tumia marejesho yote yaliyomo, maana akaunti ikifungwa yanapotea nayo.